Wenye Paa Bovu Wasikizwe Kwanza

Serikali ikitaka kumsaidia mnyonge bila ya kumwuliza, yaweza kumdhuru. Mfano ulio dhahiri twauona Marekani. Sheria ya nyumba ya mwaka 1949 iliwapa wakuu wa miji fedha za kuondoa mitaa iliyoitwa mibovu. Katika mji wa Boston, mtaa wa West End, makao ya maelfu ya wafanyakazi na jamaa zao, ulibomolewa kati ya mwaka 1958 na 1960. Mahali pake pakajengwa majumba ambayo wengi wa wenyeji hawakuimudu kodi yake.

Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 22 Agosti, 1974 ilifungua njia nyingine. Kwa sheria hiyo serikali kuu hutoa ruzuku, na serikali za miji zaweza kuitumia kutengeneza nyumba za wananchi badala ya kuzibomoa: paa linalovuja, nyaya za umeme zilizochakaa, mabomba yaliyooza. Kama sheria ilivyo leo, fedha zisizopungua asilimia 70 lazima ziwafae watu wa kipato cha chini na cha kati. Tena, mji haupokei fedha hizi kimya kimya. Hauna budi kuitisha mikutano ya hadhara isiyopungua miwili kwa mwaka, na kuwapa wananchi siku zisizopungua 30 za kutoa maoni juu ya mpango wake. Kila mkutano wapaswa kuwekwa wakati na mahali panapowafaa wananchi.

Sheria hiyo ni njema. Lakini mlango uliofunguliwa haumwingizi mtu ndani. Mfuko ni mmoja, na wanaoutazama ni wengi: yuko atakaye njia za miguu, yuko atakaye bustani. Hao huja mkutanoni na michoro mkononi. Mjane ambaye mvua yamnyeshea kitandani hana mchoro, na kama hakufika, wala hapana wa kumsemea, zamu yake yaweza kupita kana kwamba hayuko.

Wala kufika tu hakutoshi. Yafaa kuuliza maswali yenye uzito. Je, fedha ni zawadi au ni mkopo ulioshikiwa nyumba yenyewe? Nani atangulie katika orodha, na kwa kipimo gani? Nani atakagua kazi ya fundi kabla hajalipwa? Na mpangaji je, atalindwa vipi ili mwenye nyumba asipandishe kodi mara nyumba ikiisha kutengenezwa kwa fedha za umma? Maswali haya yaulizwe kabla ya mpango kupitishwa. Baada ya hapo yatabaki kuwa manung'uniko.

Hatusemi kwamba kila atakalo mwananchi litimizwe, fedha hazitoshi. Tusemalo ni kwamba mwenye shida ndiye aijuaye shida yake, na diwani anayegawa mali ya umma ana deni la kumsikiliza kwanza na kumjibu.

Hapa vyama vya wafanyakazi vina kazi ya kufanya. Viwatangazie wanachama siku ya mkutano, viwasindikize wazee, viandike madai yao kwa ufasaha. Haki ya kusema ni mali ya mnyonge. Asipoitumia, wengine watagawana fedha zilizowekwa kwa ajili yake.