Santuri ya Inchi 12 na Suala la Mwenye Sauti

Makala haya yanakusudia kueleza shughuli ya kukusanya santuri za dansi, hususan za muziki wa hausi zilizotolewa barani Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Aghalabu shughuli hii huchukuliwa kuwa uraibu tu wa wapenda vitu vya kale. Tunashikilia kwamba ni kazi ya kuhifadhi matini, na kwamba zipo haki za watu zinazotegemea uhifadhi huo.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Santuri ya kawaida ya wimbo mmoja ilikuwa na kipenyo cha inchi 7 na ilibeba dakika chache tu kila upande. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ya New York iliuza santuri ya inchi 12 yenye wimbo "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, uliorefushwa na Walter Gibbons. Katika santuri pana kama hiyo, mifuo inayosomwa na sindano huweza kuachana zaidi, hivyo besi huwa nzito na sauti huwa kubwa. Isitoshe, nafasi hiyo iliruhusu wimbo mmoja kutolewa kwa matoleo kadhaa: refu, fupi, na lisilo na uimbaji. Matoleo haya ndiyo yanayowashughulisha wakusanyaji.

Muziki wa hausi ulizaliwa Chicago, Marekani, mapema miaka ya 1980. Ulipofika Ulaya ulipokewa kwa shauku, hata Januari 1987 "Jack Your Body" wa Steve "Silk" Hurley ukashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Punde Wazungu nao wakaanza kuutunga.

Mfano mwafaka ni "Ride on Time" wa kundi la Black Box kutoka Italia. Mwaka 1989 wimbo huu ulikaa katika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 6. Sauti iliyoubeba ilinyofolewa kutoka "Love Sensation", wimbo ulioimbwa na Loleatta Holloway mwaka 1980, naye hakutajwa. Aliyeonekana kwenye runinga akifuatisha maneno kwa midomo tu alikuwa mwanamitindo Katrin Quinol. Mgogoro ulipozuka, lilitolewa toleo jingine ambamo Heather Small, aliyevuma baadaye na kundi la M People, aliimba mahali pa Holloway. Kwa hiyo wimbo mmoja una waimbaji wawili, na uso ulioonekana si wa yeyote kati yao.

Mkusanyaji atajuaje anayo santuri ipi? Haridhiki na jalada. Huichunguza sehemu tupu iliyo baina ya mfuo wa mwisho na kibandiko cha katikati, ambako huchongwa nambari na alama za kiwandani. Sauti mpya huhitaji bamba jipya la kuchapia, na aghalabu bamba jipya huwa na alama zake. Kisha huisikiliza na kulinganisha. Vilevile hutafuta nakala zenye vibandiko vyeupe, zilizochapwa chache kwa ajili ya wacheza santuri wa kumbini, kwani baadhi zina matoleo ambayo hayakuuzwa kamwe. Santuri zenyewe huhifadhiwa zikiwa wima, mbali na joto linaloweza kuzipinda.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, utaratibu huu si mgeni. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalichapishwa na William Hichens mwaka 1940, lakini aliyeyakusanya na kuyanakili kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na W. E. Taylor, ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Anayetosheka na chapa bila kuuliza habari za miswada huenda asiutambue mchango wake.

Siku hizi nyimbo hizi husikika kwa urahisi kwenye simu. Hata hivyo, aghalabu msikilizaji hupewa toleo alilolichagua mwenye haki ya kuuza. Holloway alifariki mwaka 2011. Santuri za mwanzo za "Ride on Time" zingali na sauti yake, ijapokuwa vibandiko havina jina lake, na kila anayeitunza moja anatunza ushahidi wa kazi aliyoifanya mama huyo.