Gari la Kifahari Lenye Ramani ya Japani

Magari mengi ya kifahari yanayopita Ukunda, Diani na Msambweni katika Kaunti ya Kwale yalitumika kwanza nchini Japani kabla ya kushushwa katika Bandari ya Mombasa, kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake haujazidi miaka 8. Injini zake huwa bado imara, lakini mfumo wa kuelekeza njia, yaani kompyuta ya dashibodi inayoonyesha ramani, huzungumza Kijapani na kutambua barabara za Japani pekee. Setilaiti hulijulisha gari mahali lilipo popote duniani. Kinachokosekana ni ramani yenyewe, ambayo huhifadhiwa ndani ya gari, na kwa hiyo barabara ya Dongo Kundu, inayomwezesha msafiri kufika Kwale bila kuvuka kivuko cha Likoni, haionekani kabisa.

Redio nayo ina kasoro yake, kwani masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 hadi 90, ilhali ya Kenya huanzia 87.5 hadi 108, hivyo stesheni nyingi hazisikiki mpaka fundi afunge kifaa cha kubadilisha masafa. Kuing'oa skrini ya dashibodi si suluhisho rahisi, maana katika baadhi ya magari ndiyo inayoongoza pia kiyoyozi na kamera ya nyuma.

Mnunuzi anastahili kuelezwa mambo haya kabla ya kulipa, kwa sababu dereva anayebabaishwa na skrini asiyoweza kuisoma huhatarisha maisha ya wengi barabarani.