Wimbo na Habari Yake: Asili ya Kupeana Muziki, Tangu Santuri Hata Simu

Katika makundi ya WhatsApp ambamo Wazanzibari walioko London, Maskati na Toronto hukutana kila jioni na jamaa zao wa Mpendae, Jang'ombe na Kikwajuni, aghalabu nyimbo hupita kwa wingi kuliko salamu. Huyu kapata taarabu ya zamani aliyokuwa akiitafuta tangu utotoni, yule kaletewa na mpwa wake singeli iendayo mbio hata moyo ukataka kusimama, na kabla mletaji hajaweka simu chini wamekwisha kumjibu watu watatu: wa kwanza anashangilia, wa pili anauliza ni nani huyo anayeimba, na wa tatu, ambaye sikuzote ni mtu mzima, anasema kwamba muziki ulikwisha zamani na kwamba haya ni makelele matupu. Vijana wetu hudhani kuwa desturi hii ya kugundua wimbo na kukimbilia kuwapa wengine ilizaliwa pamoja na simu. Mimi, niliyelelewa Mpendae na ambaye sasa naishi ughaibuni, nimeona bora niiandike asili yake, kwa kuwa ni ndefu kuliko wanavyodhani, na kwa kuwa ndani yake mna jambo moja ambalo simu imelisahau njiani.

Taarabu yenyewe, ambayo leo huitwa muziki wa asili na kulindwa kama amana, ilifika Unguja ikiwa kitu kigeni cha kujaribiwa. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohammed Ibrahim Kairo kujifunza kupiga kanuni, na huyo aliporejea akawafundisha wengine humo kasrini. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, chama ambacho kingali hai mpaka leo, wakaagiza ala na nyimbo kutoka Misri, na wakawa wakiimba kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi katika wasikilizaji wao waliielewa nusu yake tu na nusu nyingine wakaikisia kwa mahadhi. Basi yeyote awaambiaye vijana kuwa kusikiliza vitu vya ajabu kutoka nchi za mbali ni uharibifu wa mila, na akumbuke kuwa mila hiyo ilianza kwa mtindo huo huo.

Aliyeugeuza mwendo wa mambo ni Siti binti Saad wa Fumba, mtoto wa wazee waliopitia utumwa, aliyeingia mjini akiuza vyungu na akaishia kuimba mbele ya masultani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, na huko kampuni ya His Master's Voice ikazinasa sauti zao kwenye santuri kwa lugha ya Kiswahili. Sahani hizo zilienea pwani nzima ya Afrika Mashariki, zikauzwa kwa maelfu, jambo ambalo wafanyabiashara wenyewe hawakulitarajia. Ni vizuri tukitazame chombo hicho kwa karibu, maana umbo lake liliuathiri wimbo. Sahani ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, haikuchukua zaidi ya dakika tatu na ushei kila upande, ilhali wimbo wa taarabu ukiimbwa ukumbini waweza kupita dakika kumi kwa urahisi, maana ubeti hurudiwa kila mara mtu anaponyanyuka kumtunza mwimbaji. Kwa hiyo kilichotiwa ndani ya santuri kilikuwa kiini cha wimbo bila ya nyama zake: hapana vigelegele, hapana noti inayopeperushwa juu ya kichwa, hapana bibi anayecheza taratibu kuelekea jukwaani huku akimkata jicho hasimu wake aliyekaa safu ya pili.

Nyama hizo zilirudishwa na wasikilizaji wenyewe. Wachache tu ndio waliokuwa na uwezo wa kununua kinanda cha kupigia santuri, hivyo santuri ilisikilizwa na jamaa wengi pamoja, katika migahawa ya kahawa na katika baraza za Ng'ambo, na pale wimbo ulipokwisha ndipo mazungumzo yalipoanza. Chukua mfano wa wimbo wa Siti uitwao "Kijiti". Yule aliyekuwa Lamu au Tanga alisikia sauti tamu na jina la mtu, basi. Mtu wa Unguja aliyekaa naye ndiye aliyemweleza kwamba Kijiti alikuwa mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni, akatorokea bara, na kwamba mahakamani adhabu iliwaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi, ilhali muuaji hakupatikana. Baada ya maelezo hayo wimbo uliwekwa tena, na safari hii ulisikika mwengine kabisa, maana sasa kila mtu alijua kwamba anasikiliza malalamiko juu ya hukumu ya serikali ya kikoloni yaliyovikwa vazi la burudani. Taarabu ni sanaa ya mafumbo, na fumbo lisilo na mfumbuzi ni sawa na barua iliyofika bila ya anwani. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo, aliyekuletea wimbo alikuwa na deni la kukuletea na habari yake.

Redio ikaja ikaongeza wingi wa vitu vya kushangaa. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na wenye redio za masafa mafupi waliweza kuifikia Kairo, ambako Umm Kulthum aliimba hewani kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Sinema nazo zikaleta sauti za Bombay, na hapo ndipo majaribio yaliposhamiri hasa. Kule Mombasa Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili safi, watu wakamlaumu na huku wakizinunua santuri zake. Kule Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club waliingiza magitaa na besi ya umeme, wakaiacha nyuma ile okestra nzito ya fidla iliyokuwa fahari ya Unguja, na mtindo wao ukasambaa mpaka Burundi. Mimi nathubutu kusema kwamba hakuna bendi ya taarabu iliyofanya ujasiri mkubwa kuliko wao, ingawa najua kuna wazee Vuga na Malindi watakaonitumia ujumbe mkali kabla ya usiku kuingia.

Kisha ikaja kaseti, na hapa ndipo historia hii inapoigusa Mpendae na mitaa kama hiyo ya watu wa kawaida. Kaseti haikuhitaji Bombay wala kampuni. Mtu aliiweka redio ya mkono karibu na kipaza sauti cha ukumbi, au aliisogeza mbele ya redio nyingine Sauti ya Tanzania Zanzibar ilipopiga nyimbo za Ikhwani Safaa au za Culture Musical Club, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akawaamuru watoto wanyamaze. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ulichukua nusu saa, na kwa mara ya kwanza wimbo ukanaswa na urefu wake wote, pamoja na vigelegele, kikohozi cha mpiga fidla na gari lililopita nje. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wetu wengi walitawanyika, wengine Uingereza, wengine Dubai, na tangu 1970 wengi zaidi Oman. Nao wakawa wakingojea kila mgeni kutoka nyumbani, ambaye begi lake lilikuwa na karafuu, halua na kaseti zilizofungwa ndani ya kanga zisivunjike. Kila nakala iliyotolewa kwa nakala iliongeza mvumo, hata ile ya nne au ya tano ikawa kama mtu anaimba nyuma ya mvua, lakini hakuna aliyejali.

Nitakumbusha kitu kidogo ambacho wenye umri wangu watakifahamu mara moja, nacho ni karatasi ya ndani ya kaseti. Ilikuwa na mistari myembamba, na mrekodi aliijaza kwa kalamu ya wino: jina la chama, jina la wimbo, jina la mwimbaji, na mara nyingi jina la mtunzi wa shairi na la aliyetia muziki, maana kwetu hao ni watu watatu mbalimbali na kila mmoja ana haki yake. Pembeni palikuwa na maneno ya ziada: harusi ya fulani, au "huu umeimbwa kwa sababu ya yale mambo ya Kisimamajongoo, nitakueleza ukija". Mwenye kaseti aliyekuazima bila ya karatasi hiyo alihesabiwa kuwa hana adabu.

Wakati huo huo wageni nao walikwisha kuuvumbua muziki wetu, wakawa wanapeana wao kwa wao. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilituma watu wake Unguja, wakanasa sauti za vyama vyetu na kuzitoa katika mfululizo wa santuri. Na kuanzia 2005 Buda Musique ya Ufaransa, kwa uhariri wa Werner Graebner, ikaanza mfululizo wa Zanzibara, ambao diski yake ya kwanza ilikuwa ya kuadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa. Kuna wanaokereka kwamba sisi tulio Ulaya tulilazimika kuzinunua nyimbo za bibi zetu dukani kwa Wazungu, na karaha hiyo naifahamu. Lakini insafu ni insafu: diski zile zilikuja na kijitabu, na ndani ya kijitabu yalikuwamo majina ya wapigaji na maelezo ya mashairi. Waliifuata ile ile adabu ya karatasi ya kaseti, pengine kuliko sisi wenyewe tulivyokuja kuifuata baadaye.

Kwani simu, pamoja na neema zake zote, imeikata kamba hiyo. Wimbo hutoka kwenye kaseti ya mtu, ukapakiwa YouTube, ukanyofolewa, ukatumwa mara elfu, na mahali palipokuwa na majina sasa pana tarakimu na neno "sauti". Mwanamke yeyote mwenye sauti nzito hubandikwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, utadhani kisiwa kizima kilikuwa na mwimbaji mmoja. Na watunzi wa mashairi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa fumbo, wamefutika kabisa.

Hasara hii si ya taarabu peke yake. Singeli, iliyozaliwa katika vigodoro, yaani ngoma za mtaani za usiku kucha, vya Dar es Salaam na inayokwenda kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika na zaidi, ilipata masikio ya dunia mwaka 2017, pale Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati. Siku hizi vijana wa Berlin huipeleka huku na huku kama muziki wa majaribio wa hali ya juu, na sina ugomvi nao, maana ni wa majaribio kweli: vipande vya taarabu ya kisasa na mchiriku vimeharakishwa na kurudiwa mpaka vikawa kitu ambacho hakijapata kusikika. Lakini wao husikia kasi tu. Yule kijana anayeghani juu yake anasema juu ya kodi ya chumba, mama mwenye nyumba na rafiki aliyemgeuka, kwa maneno ya mtaani yanayohitaji mfumbuzi sawasawa na yalivyohitaji maneno ya Siti.

Ndiyo maana katika kundi letu tumewekeana sharti, baada ya ugomvi mrefu, kwamba atumaye wimbo ataje mwimbaji, mtunzi na mahali alipoupata, na asiyejua aseme kuwa hajui ili wanaojua wamsaidie. Vijana walinung'unika, kisha wakazoea, na sasa wao ndio wakali zaidi. Juzi mmoja wao, aliyezaliwa Uingereza na ambaye Kiswahili chake kingali kinachechemea, alituma wimbo mfupi usio na jina lolote. Bibi mmoja wa Mpendae akamjibu kwa ujumbe wa sauti uliokuwa mrefu mara mbili kuliko wimbo wenyewe: akamtaja mwimbaji, akamtaja mtunzi, akasema umeimbwa harusi gani, akalifumbua shairi ubeti kwa ubeti, na alipofika kwa mwanamke ambaye wimbo ulimkusudia akanyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Huyo simtaji, mwanangu, maana wajukuu zake wamo humu humu kundini."