ONJA KABLA YA KUTIA SUKARI

Tangu utoto wako umekunywa vikombe vingapi vya chai? Asubuhi pamoja na mkate ao mandazi, jioni wageni wakifika, kwenye matanga usiku kucha. Hakuna anayeweza kuhesabu. Sasa jibu swali la pili: kati ya vikombe hivyo vyote, umeonja vingapi? Kunywa ni jambo moja, na kuonja ni jambo lingine. Anayekunywa anatafuta joto na utamu. Anayeonja anataka kujua kitu alicho nacho mkononi.

Tunakuuliza hivi sababu siku hizi kuna jani geni ndani ya nyumba zetu. Wafanya biashara wanaotoka Guangzhou, na vijana wanaofanya kazi pamoja na Wachina kwenye machimbo, wanarudi na pakiti za chai ya Kichina. Ukifungua unakuta majani marefu, meusi, yaliyosokotwa kama nyuzi, mengine yenye ncha za rangi ya dhahabu. Mara nyingi mambo yanaendelea hivi: mama anayatupa katika sufuria pamoja na maziwa, tangawizi na sukari, anayachemsha robo saa juu ya mbabula, kisha watu wa nyumba wanasema: «Hii chai haiko na nguvu. Ya kwetu iko muzuri kuipita.»

Jani halina kosa. Limepikwa kwa njia isiyo yake.

MAJINA MAWILI, MTI MMOJA

Hapa Goma tunasema «chai» kwa Kiswahili na «thé» kwa Kifaransa, na wengi wanadhani ni majina yasiyo na undugu. Kumbe yote mawili yametoka China. Sehemu kubwa ya China wanaliita jani hili «cha». Jina hilo lilipita kwa Waajemi, waliolitamka «chai», na kwa njia hiyo likafika pwani ya Waswahili, mwishoni likapanda hadi kwetu Kivu. Lakini watu wa pwani ya Fujian wanasema «te». Waholanzi walinunua chai kwa wafanya biashara wa lugha hiyo katika miaka ya 1600, wakapeleka Ulaya jani pamoja na jina lake, na Wafaransa wakasema «thé».

Mti nao ni mmoja. Wenye elimu ya mimea wanauita Camellia sinensis. Zamani Wazungu wengi walifikiri chai ya kijani inatoka kwenye mti wake, na chai nyeusi kwenye mwingine. Robert Fortune, Mskoti aliyezunguka China katika miaka ya 1840, aliwahakikishia kwamba mti ni uleule. Huyo ndiye aliyerudi huko mwaka 1848, akatumwa na kampuni kubwa ya Waingereza kuchukua kwa siri miche na mbegu za chai na kuzipeleka India.

Basi tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye kazi. Jani likiisha kuchumwa linaachwa linyauke. Kisha linasokotwa hata maji yake yatoke. Halafu linaachwa hewani ligeuke rangi, kama vile avoka ao ndizi iliyokatwa inavyogeuka. Mwisho linakaushwa kwa moto. Jani la chai ya kijani linapashwa moto mapema, kusudi lisigeuke.

Angalia jambo hili pia: chai ambayo Wazungu wanaiita nyeusi, Wachina wanaiita «hong cha», maana yake chai nyekundu. Mzungu alitazama jani kavu. Mchina alitazama maji ndani ya kikombe.

CHAI ILIYOZALIWA WAKATI WA VITA

China ina chai nyekundu za namna nyingi. Ile ya Qimen, katika jimbo la Anhui, inajulikana tangu karibu mwaka 1875. Ile ya milima ya Wuyi, kule Fujian, inakaushwa kwa moshi wa msonobari, na harufu yake inakumbusha jiko la kuni. Lakini tunataka kukueleza zaidi juu ya moja inayotugusa: chai ya Yunnan, inayoitwa Dian Hong. Dian ni jina la zamani la jimbo hilo, na hong ni nyekundu.

Mwaka 1937 Japani ilivamia China. Mashamba ya mashariki, yaliyotoa chai nyekundu ya kuuza nje, yalijikuta katika hatari ya vita. Mwaka 1938 mtaalamu mmoja, jina lake Feng Shaoqiu, alitumwa Yunnan, kusini-magharibi, mbali na mapigano. Watu wa kule walikuwa wanajua mti wa chai tangu zamani sana, lakini hawakuwa na desturi ya kuutolea chai nyekundu. Alijaribu majani yao mapana, akaona yanafaa. Mwaka 1939 kiwanda kilianza kazi katika mji unaoitwa leo Fengqing. Chai hiyo ilizaliwa wakati mashamba mengine yalikuwa yanapotea.

Sasa sikiliza, kijana wa Kivu. Chai ya Yunnan inatoka kwenye aina ya mti wenye majani mapana, na inapandwa katika milima mirefu. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki ni ya jamaa hiyohiyo ya majani mapana, nayo inapandwa katika milima. Huna haja ya kupanda ndege kuiona. Vuka mpaka hadi Gisenyi, utakuta mashamba ya Pfunda. Karibu na Butembo kuna Butuhe. Kivu ya Kusini kuna Mbayo. Wabelgiji walipanda chai katika Kivu wakati wa ukoloni, na mashamba mengi yaliachwa ao yaliharibika katika vita vya tangu miaka ya 1990.

Ikiwa majani ni ndugu, mbona ladha si moja? Kwetu jani linapita katika mashine inayolikata, kulipasua na kulikunja kuwa punje ndogondogo. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Assam, India, karibu mwaka 1930. Punje hizo zinatoa rangi haraka, zina nguvu, zinafaa kwa maziwa. Usizidharau! Lakini jani zima lililosokotwa polepole linaficha harufu nyingi, na linazitoa kidogo kidogo kwa mtu mwenye subira.

NAMNA YA KUIPIKA

1. Maji. Yachemshe kabisa, mapovu makubwa yaonekane. Hapa kwetu hilo si jambo la chai tu. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika Goma, na hata leo anayeteka maji ziwani kwa bidoni anapaswa kuyachemsha. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi nyingi za volkano, na yanafanya chai ionekane nyeusi, isiyong'aa. Yakiisha kuchemka yaache yatulie, umimine ya juu, kisha yachemshe tena. Ukiwa na maji safi ya chemchemi, ni vizuri zaidi. Maji ya mvua ni laini, lakini yale yanayokingwa chini ya moshi wa Nyiragongo yanaweza kubeba asidi na fluori, ambayo inaharibu meno ya watoto. Kuchemsha hakuondoi fluori.

2. Moto. Mombasa, kando ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 100. Goma iko karibu metro 1,500 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka karibu digrii 95. Ndugu zetu wa Kolwezi nao ni vilevile. Chai ya Yunnan inataka digrii 90 hadi 95. Basi ondoa sufuria motoni, ngoja kidogo, umimine. Mlima umeisha kukupimia joto. Lakini usitumie maji ya termosi yaliyokaa tangu asubuhi. Yamepoa, yatatoa chai dhaifu.

3. Kipimo. Kwa kikombe kimoja cha mililita 200 weka vijiko vidogo viwili vya majani, karibu gramu 3. Majani haya ni marefu na mepesi, ndiyo maana kijiko kimoja hakitoshi.

4. Chombo. Suuza birika dogo kwa maji ya moto kusudi lipate joto, mwaga maji hayo, tia majani, halafu mimina maji mapya na ufunike. Kama huna birika, kikombe chenye kifuniko kinatosha.

5. Wakati. Ngoja dakika 3. Usirudishe motoni! Jani likichemshwa sana linatoa uchungu, na harufu yake nzuri inakwenda na mvuke.

6. Kumimina. Pitisha yote katika chujio, pasibaki maji juu ya majani. Usitupe majani. Mimina maji ya moto mara ya pili na ya tatu, kila mara uongeze dakika moja ao mbili. Pakiti ikionekana ghali, kumbuka kwamba kipimo kimoja kinatoa vikombe vitatu.

NAMNA YA KUIONJA

Fanyeni hivi nyumbani, siku ya mapumziko. Tafuteni vikombe viwili vyeupe. Katika kimoja wekeni chai ya Kichina, katika kingine chai yetu ya soko. Maji ni yaleyale, uzito wa majani ni uleule, dakika ni zilezile. Maziwa hapana, sukari hapana. Waonjaji wa kazi hiyo nao wana kanuni yao, iliyoandikwa kwa dunia nzima mwaka 1980: gramu 2 kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Wanaifanya chai kali makusudi, kusudi makosa yake yasijifiche.

Kwanza macho. Chai yetu itakuwa nyekundu nzito. Ile ya Yunnan ni nyekundu inayoelekea rangi ya asali. Pili pua. Nusa majani yaliyolowa, yakiwa bado na joto. Wengi wanaonusa Dian Hong wanataja asali, na kiazi kitamu kilichochomwa ndani ya majivu. Tatu ulimi. Hapa, wazazi, mtusamehe: vuteni chai kwa sauti, fyuu, pamoja na hewa. Mezani tunawakataza watoto, lakini waonjaji wote wanafanya hivyo, kwa sababu hewa inapeleka harufu hadi ndani ya pua. Kisha ngojeni kidogo. Je, mdomo umekauka? Je, kuna utamu unaorudi nyuma, ingawa hakuna sukari? Kila mtu aseme anachosikia, hata mtoto mdogo. Hakuna jibu la kuchekwa.

Mkiisha kuonja, anayetaka sukari atie. Lakini ajue anatia katika kitu gani.

MAMBO YA KUANGALIA

Chai inazuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na sombe. Kwa hiyo akina mama wenye mimba, na watu wenye upungufu wa damu, wasiinywe pamoja na chakula. Wangoje saa moja hivi. Watoto wadogo wasizoezwe chai kali. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni walisema kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyopita digrii 65, huenda vinaleta kansa ya umio. Basi acha kikombe kipoe kidogo. Tena chai si dawa ya malaria, hata muuzaji akiapa.

KWA NINI TUNAHANGAIKA NA JAMBO HILI?

Wewe unayeishi karibu na machimbo unajua namna biashara inavyokwenda. Kijana akileta koltan bila kujua kiasi cha madini kilicho ndani yake, mnunuzi atamtajia bei anayotaka yeye. Yule aliyepima mwenyewe anaweza kubishana. Chai ni vilevile. Kwenye mnada wa Mombasa, ambapo chai za nchi nyingi za Afrika zinauzwa, waonjaji wanaonja kila fungu, na bei inafuata ulimi wao. Anayelima bila kuonja anapokea bei tu.

Katika Kenya viwanda kadhaa vimeisha kuanza kusokota majani mazima pamoja na zile punje za kila siku. Hakuna sababu kazi hiyo isiwezekane siku moja kwenye milima yetu. Lakini itahitaji watu wenye mikono ya subira na ulimi uliozoezwa, na ulimi unazoezwa nyumbani. Machimbo yatakwisha, maana shimo lina mwisho wake. Mti wa chai ukitunzwa unachumwa miaka mingi kupita umri wa aliyeupanda.

Tena kuna faida nyingine iliyo karibu zaidi. Kijana anayerudi kutoka machimboni na pesa mfukoni anatafuta mahali pa kukaa na watu. Kasiksi na kanyanga zinamngoja njiani. Birika moja linalomiminwa mara tatu linaweza kumkalisha na wazazi wake saa nzima, na katika saa hiyo maneno mengi yanasemwa ambayo hayakupata nafasi mwaka mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ni chakula ao kinywaji gani cha kwetu tunachokula kila siku bila kukionja?
2. Katika eneo letu, ni mazao gani tunayouza bila kujua ubora wake? Nani anaweza kutufundisha?
3. Baba na mama, mara ya mwisho mlikaa na vijana wenu saa nzima mkizungumza ni lini?