Chale Mpya ni Kidonda

Ndugu, chale ulizochanjwa jana, au alama uliyochorwa kwa sindano, ni kidonda. Nawa mikono, kisha uoshe mahali pale asubuhi na jioni kwa sabuni na maji yaliyochemshwa na kupoa. Magamba usiyabandue, hata yakiwasha. Mtoni usioge mpaka ngozi imefunga, yapata majuma 2 au 3. Usipake majivu, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe. Katika udongo na mavi hukaa vijidudu vya pepopunda, nayo huua. Wengine huficha chale kwa kuogopa wazee wa kanisa, hata wakaletwa kwetu taya zimekwisha kukaza. Sindano ya kukinga usiingojee dalili. Ukiona usaha, uvimbe au homa, njoo siku ile ile. Mwambie muuguzi kama wembe ulikwisha kumkata mwingine, maana kwa damu hupita ukimwi na ugonjwa wa ini.