Mzee Akipanga Vitu kwa Njia Yake, Je, Akili Imepungua?



Tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama tukijifunza kuandika mali ya kikundi. Tulitandika mkeka, tukaweka jembe, panga, mahindi, maharagwe na kuni. Tukasema, "Wekeni pamoja vitu vinavyokwenda pamoja." Vijana waliweka jembe na panga upande mmoja, mahindi na maharagwe upande mwingine. Nyanya mmoja, ambaye hushika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za sanduku la pesa, aliweka jembe na mahindi, panga na kuni.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu amezeeka. Tuchukue ufunguo kabla pesa hazijapotea." Nyanya akanyamaza, akarudi kuketi.

Tukamwuliza, "Nyanya, na kama tungetaka vyombo vya kazi peke yake?" Mara moja akachukua jembe na panga, akaviweka kando. "Si mngesema hivyo tangu mwanzo," akajibu.

Kosa lilikuwa letu. "Vinavyokwenda pamoja" ina maana mbili: vitu vya aina moja, au vitu vinavyosaidiana katika kazi. Jembe hulima mahindi, na panga hukata kuni. Mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Smiley na Brown, waliona kwamba watoto wadogo na wazee hupenda zaidi kupanga vitu kwa matumizi, na watu wa umri wa katikati hupenda kupanga kwa aina. Lakini hata waliochagua njia moja waliweza kueleza ile nyingine. Basi ni mazoea, si kwamba akili imeisha.

MANENO YA KANDO HUSAIDIA

Ukisikia mtu akisema "nyanya" tu, huwezi kujua kama ni mtu au ni mboga. Akisema "nyanya amefika," ni mtu. Akisema "nyanya zimeoza," ni mboga. Maneno ya kando ndiyo yanatuonyesha neno liwekwe katika kundi gani.

Uzee hugusa jambo hili kwa njia mbili. Kwanza, masikio. Kwa wazee wengi sauti nyembamba ndizo hupotea mapema, kama za herufi s na f. Mzee husikia nusu ya neno, kisha hujaza pengo kwa kutumia sentensi nzima. Kazi hiyo anaiweza, kwa maana amekusanya maneno ya miaka mingi. Lakini inamchosha.

Pili, mwendo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipima umeme wa ubongo watu wakisikiliza sentensi. Ubongo wa kijana hukimbia mbele, ukatayarisha neno linalokuja na mengine ya kundi lake. Kwa wazee wengi maandalizi haya yalikuwa machache. Ni kama mtu anayengoja mgeni afike mlangoni ndipo ateleke chai. Hata hivyo, wazee waliokuwa wepesi wa kutaja maneno walifanana na vijana. Wazee si wote sawa.

TUFANYE NINI MKUTANONI?

1. Tajeni habari kwanza: "Sasa tunaongea juu ya mikopo." Msiruke kutoka mikopo hadi kuku bila kusema.

2. Semeni sentensi kamili, jambo moja kwa wakati, mkimtazama mzee usoni. Kupiga kelele hakusaidii.

3. Neno jipya kama "hisa" au "riba" lielezwe kwa mfano wa pesa za kikundi chenyewe.

4. Mkiuliza swali, ngojeni. Msimjibie.

5. Jibu likiwa tofauti, ulizeni, "Kwa nini umesema hivyo?" kabla ya kucheka.

Tusidanganyane pia. Kuna ugonjwa. Mzee akipotea njia ya nyumbani, akisahau kijiko ni cha kazi gani, au akishindwa na hesabu aliyoizoea, apelekwe hospitali akapimwe. Akipoteza usemi ghafla au mdomo ukienda upande, ni papo hapo, msingoje hata kidogo. Hayo si uzee wa kawaida, na wala si uchawi.

Yule nyanya angali na ufunguo wake. Kikundi kilikubaliana kwamba mtu hanyang'anywi kazi kwa sababu ya jibu moja. Ataangaliwa kwa kazi yenyewe, kama wenzake wawili.

Maswali ya kujadili: Katika kikundi chetu, ni nani ameacha kuongea kwa sababu alichekwa? Mkutano ujao tutamwulizaje maoni yake?