Mafuta Yakimwagika Kwenye Mjengo: Mwanakandarasi Afanye Nini, Amjulishe Nani

Dizeli ikimwagika kwenye mjengo, mara nyingi kinachofuata ni kijana kutumwa alete ndoo ya maji na sabuni ya unga. Baada ya nusu saa sakafu inang'aa na kazi inaendelea. Lakini mafuta hayajaisha. Yameshuka ardhini au yamesukumwa mtaroni, na sabuni imeyavunja yakawa matone madogo ambayo ni vigumu zaidi kuyakusanya.

Katika Kaunti ya Kwale jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani, kutoka Tiwi na Diani kuelekea Msambweni, imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga, ardhi ambayo hupitisha maji upesi. Visima vya Tiwi huwapa maji wakaazi wa Ukunda na Diani, na sehemu ya maji hayo hufika hadi Likoni. Upande wa Kinango na Lunga Lunga, familia nyingi pamoja na mifugo wao hutegemea mabwawa na malambo. Maji ya chini ya ardhi yakishaingiwa na mafuta, kuyasafisha ni kazi ya miaka. Wakaazi wa Thange katika Kaunti ya Makueni wanalijua hilo vizuri: mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba la chini ya ardhi, yakaingia mtoni na kwenye visima, na mashamba yaliyokuwa yakinyunyiziwa maji yale yakaharibika.

Si mafuta pekee yanayohesabika. Maji ya kuoshea mashine ya konkriti huonekana kama tope la kawaida, ilhali saruji mbichi huyafanya yawe makali kiasi cha kuchoma ngozi na kuua samaki kijitoni. Lami ya maji, rangi, thina, dawa ya mchwa, asidi ya betri na oili chafu ya injini vyote vimo. Oili chafu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, labda kwa sababu watu wamezoea kuipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, hivyo ikimwagika hakuna anayeshtuka.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 93, inakataza kumwaga mafuta au kemikali hatari kwenye maji au sehemu nyingine ya mazingira. Yakimwagika, mwenye chombo, gari au ghala ana kazi tatu: kutoa taarifa mara moja kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, au kwa afisa mwingine wa serikali anayehusika, kuanza kusafisha mara moja kwa njia bora iliyopo, na kufuata maagizo atakayopewa. Akipatikana na hatia, mahakama inaweza kumwagiza alipe gharama za usafishaji na za watu wengine walioathirika, mbali na adhabu yenyewe. Neno la kuzingatia hapo ni "mara moja". Wanakandarasi wengi husubiri mpaka wajue kiasi kamili kilichomwagika, au mpaka bosi arudi kutoka Mombasa. Hakuna haja. Makadirio yanatosha kwa simu ya kwanza.

Kwenye mjengo wenyewe, kazi huanza na usalama wa watu. Petroli ni hatari kuliko dizeli kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la mama wa chakula aliye mbali na pipa. Kwa hiyo jiko lizimwe, jenereta izimwe, sigara na simu ziwekwe mbali, na wasiohusika waondoke. Ndipo chanzo kizibwe: vali ifungwe, pipa lililolala lisimamishwe, mpira uliopasuka ukunjwe na kufungwa.

Baada ya hapo ni mbio za kuyazuia yasisambae. Mchanga au udongo urundikwe kwa mstari upande wa mteremko, na mdomo wa mtaro uzibwe kabla ya kitu kingine chochote. Wafanyakazi wavae glavu na buti. Mafuta yafunikwe kwa mchanga mkavu au vumbi la mbao mpaka yanywewe, kisha yote yazolewe kwa sepetu na kutiwa kwenye mapipa yenye vifuniko na maandishi ya kueleza kilichomo. Ila kwa asidi, vumbi la mbao lisitumike. Mchanga ndio salama. Udongo uliolowa nao huchimbwa hadi pale harufu na rangi vinapokoma. Taka hizo hazizikwi wala hazichomwi nyuma ya stoo. Hubebwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA hadi mahali palipoidhinishwa, na stakabadhi yake huwekwa kwenye faili ya mradi.

Simu ya taarifa iseme mahali, aina ya kilichomwagika, makadirio ya kiasi, saa, kama bado kinavuja, kinaelekea wapi, na nani wa kupigiwa. Msimamizi wa mjengo humjulisha mhandisi wa mradi na ofisi ya NEMA ya kaunti. Kukiwa na hatari ya moto, zima moto wa kaunti waitwe kwanza, au ipigwe 999 au 112. Kisima au bomba la maji likiwa karibu, kampuni ya maji ijulishwe ili ifunge kabla maji hayajafika majumbani. Mfanyakazi akiumia, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka afisa wa eneo ajulishwe. Akifariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7.

Mengi ya haya hayahitajiki iwapo mafuta yamehifadhiwa vizuri. Tangi hukaa ndani ya ukuta mfupi usiopitisha maji, unaoweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Kwa tangi la lita 10,000, ukuta ubebe lita 11,000. Jenereta iwekewe trei ya kudakia matone. Ndoo za mchanga na sepetu zikae pale pale penye mafuta. Zikifungiwa stoo ambayo ufunguo wake uko na mtu aliyeenda chakula cha mchana, hazitamsaidia mtu.

Kwa mkaazi, onyo moja linatangulia yote: mafuta yaliyomwagika hayachotwi. Sachang'wan, karibu na Molo, mwezi wa Januari 2009, na mtaa wa Sinai jijini Nairobi mwezi wa Septemba 2011, zaidi ya watu 100 walikufa kila mahali moto uliposhika mafuta watu walipokuwa wamekusanyika kuyachota.

Anayeona utando wa mafuta kwenye kijito, au kunusa dizeli kwenye maji ya kisima, aache kuyatumia, apige picha na kuandika tarehe na saa, kisha apeleke habari kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi au moja kwa moja kwa NEMA. Asiporidhika anaweza kwenda kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, au mahakamani. Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki athibitishe kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara au ameumia.